Sindano ya Kichina ina mpaka wake



Tangu madaktari wa China walipofika Unguja mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, wengi wetu tumesikia habari za akupancha, yaani tiba ya sindano ya Kichina. Wapo waisifuo kuwa yaponya kila kitu, na wapo waicheka. Leo tuipime.

Sindano hii haina dawa wala tundu. Ni uzi mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Mtaalamu huichoma mahali maalumu, huizungusha kwa vidole, kisha huiacha kwa dakika 20 au 30. Wachina huhesabu mahali 361 mwilini, kwenye njia ambamo, wanavyoamini, nguvu ya uhai hupita. Sayansi haijaziona njia hizo.

Hata hivyo, faida ipo. Mwaka 1997 jopo la wataalamu nchini Marekani lilikubali kwamba sindano hizi hupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji au dawa za saratani, na maumivu baada ya kupasuliwa jino. Geuza kiganja chako juu, upime upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, katikati ya kano mbili. Hapo ndipo Neiguan, mahali pa kichefuchefu. Hata kupabonyeza kwa kidole huwapa wengine nafuu. Wenye maumivu ya mgongo, magoti na kichwa nao husaidika, ingawa majaribio yameonyesha kwamba sehemu ya nafuu hiyo hupatikana hata sindano ikichomwa pasipo mahali pake.

Sasa tusikilizane vizuri. Kupunguza maumivu si kuua ugonjwa. Hakuna sindano ya Kichina iuayo vijidudu vya malaria. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au virusi vya UKIMWI akiacha dawa zake kwa ajili ya sindano hizi, anachezea maisha yake.

Tena, sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, na ikishatumika itupwe. Iliyorudiwa huweza kuleta homa ya ini, na iliyozama mno kifuani huweza kutoboa pafu. Uliza bila haya. Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.

Wahenga walisema, kila mlango na ufunguo wake.