Kadi ya Mkopo: Rekodi Kwanza, Fomu Baadaye



Benki haiangalii sura ya anayeomba kadi ya mkopo. Huangalia rekodi yake, na rekodi hubadilika. Ndiyo maana wakati wa kuomba una uzito.

Kwanza, ripoti ya CRB. Kanuni za mwaka 2020 zinampa mteja haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Isomwe kabla ya fomu kujazwa. Ikiwa na kosa, mteja ana haki ya kulipinga.

Pili, deni lililochelewa. Mkopeshaji hutakiwa kutoa notisi ya siku 30 kabla ya kumripoti mteja. Huo ndio wakati wa kulipa au kuelewana naye, kwani taarifa mbaya yaweza kubaki miaka 5 hata baada ya deni kulipwa.

Tatu, mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yazidi thuluthi mbili za mshahara. Mkopo wa zamani ukikaribia kuisha, ni heri kungoja hadi hati ya mshahara ionyeshe makato yamepungua.

Nne, aliyekataliwa asikimbilie benki nyingine tatu wiki hiyo hiyo. Kila benki ikiomba ripoti yake, hilo huandikwa.

Anayetazamia karo ya Januari asisubiri Januari. Ripoti yake aisome Oktoba, palipo na kosa parekebishwe mapema.