Kuchanganya Naitroksi kwa Kifaa cha Kujitengenezea: Mpaka wa Ubunifu wa Fundi

Utangulizi

Kila mara gharama za vifaa vya dukani zinapotajwa, swali hili huibuka. Je, fundi anaweza kujitengenezea kifaa cha kuchanganya gesi ya mitungi? Jibu langu ni ndiyo, ila kwa mpaka. Upande wa mgandamizo mdogo anaweza kuutengeneza kwa mikono yake. Upande wa oksijeni yenye mgandamizo mkubwa asibuni kitu.

1. Naitroksi inatusaidia nini

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9, na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Naitroksi ni hewa iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi hadi asilimia 32 au 36. Mwaka 1979 NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, iliweka utaratibu wa kuitumia kwenye mwongozo wake wa mbizi. Kwenye mita 30, ambako mgandamizo ni baa 4, anayevuta mchanganyiko wa 32 hupata naitrojeni sawa na ya mtu aliye mita 24 kwa hewa ya kawaida. Kwa kuwa naitrojeni ndiyo inayowekea mpaka muda wa kukaa chini, hapo ndipo anapopata muda wa ziada. Kwenye mabaki ya meli ya Great Northern, mbele ya Mji Mkongwe, kina ni mita 12 hivi. Kule hewa ya kawaida inatosha, na hakuna haja ya kumtoza mgeni naitroksi.

Madhara yanatoka kwenye oksijeni yenyewe. Mgandamizo wake peke yake ukipita baa 1.6, inaweza kumtia mtu degedege majini bila dalili yoyote ya kutangulia. Wengi huishia baa 1.4, na kwa kipimo hicho mchanganyiko wa 32 hauvuki mita 33. Mtungi wa asilimia 40 ukidhaniwa ni wa 32 na kushushwa hadi hapo, oksijeni hufika baa 1.7.

2. Njia mbili

Njia ya kwanza ni kutia oksijeni tupu kwenye mtungi mtupu, baa 28 hivi, kisha kumalizia kwa hewa hadi baa 200. Hesabu yake nyepesi, hatari yake nzito. Oksijeni ikifunguliwa ghafla kutoka kwenye mtungi wa baa 150 hujibana na kupata joto kali. Ikikuta tone la grisi au chembe za alumini, moto unaanza, na ndani ya oksijeni tupu hata chuma huwaka. Koki ya robo mzunguko, wanayoipenda mafundi bomba, ndiyo mbaya kuliko zote hapa, kwa sababu hufunguka kwa kufumba na kufumbua. Mipira, koki, oringi na vilainishi vya njia hii vinunuliwe vikiwa vimeidhinishwa kwa oksijeni, na kazi ifanywe na aliyefunzwa.

Njia ya pili huingiza oksijeni kwenye mdomo wa kompresa, ikiwa na mgandamizo sawa na wa hewa ya chumbani. Ubunifu una nafasi hapa.

3. Kifaa chenyewe

Chukua bomba la plastiki la urefu wa kama mita moja, lisilo jembamba kuliko mdomo wa kompresa. Ncha moja ifungwe filta ya hewa. Jirani na filta iingie nipeli ya oksijeni. Ndani vipangwe vibao vinavyopishana, ili gesi zigongane na kuchanganyika. Sensa ya oksijeni ikae baada ya vibao, kabla ya kompresa. Bomba lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, lisuuzwe na kukaushwa, na lisipakwe grisi popote. Oksijeni itoke mtungini kupitia regyuleta, kisha kipima mtiririko chenye vali ya sindano. Regyuleta iliyokwisha kutumika kwenye karakana ya kuchomelea isiletwe, maana imepita mikono yenye mafuta.

Kompresa inayovuta lita 100 kwa dakika ikitakiwa kutoa 32, itahitaji oksijeni lita 14 na hewa lita 86. Mtungi wa lita 12 ukijazwa kutoka sifuri hadi baa 200 hubeba kama lita 2,400. Hiyo ni kazi ya dakika 24 na oksijeni lita 336.

Utaratibu haubadiliki: washa kompresa kwanza, ndipo ufungue oksijeni. Ukimaliza, funga oksijeni, acha hewa tupu ipite, ndipo uzime. Umeme ukikatika oksijeni ikiwa wazi, gesi hujaa ndani ya kompresa, kwenye mafuta. Kwa hiyo iwekwe vali ya umeme inayojifunga yenyewe umeme unapokatika.

4. Kupima katika hewa ya pwani

Wengi wetu hurekebisha kipimo cha oksijeni kwa kukiweka hewani na kukisogeza hadi 20.9. Kwa joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mvuke hupunguza oksijeni ya hewa hadi kama 20.2. Gesi ya mtungini ni kavu, hivyo mtungi wa 32 utasomeka 33. Mpiga mbizi ataamini ana naitrojeni ndogo kuliko aliyo nayo, na atakaa chini kupita kiasi. Rekebisheni kipimo kwa hewa kavu inayotoka taratibu kwenye mtungi wa hewa.

Mapendekezo

i. Kifaa cha kujitengenezea kisivuke asilimia 36, na kisitumike kabla ya kusoma masharti ya mtengenezaji wa kompresa kuhusu oksijeni na aina ya mafuta.

ii. Mdomo wa kuvutia hewa uwe mbali na moshi wa jenereta. Kaboni monoksidi haina harufu.

iii. Sensa ibadilishwe inapochoka, hata kama bado inatoa namba.

iv. Kila mtungi uandikwe asilimia, kina cha mwisho, tarehe na jina la aliyejaza.

v. Anayekwenda kuutumia mtungi aupime mwenyewe mbele ya fundi. Fundi asiyetaka kazi yake ipimwe asiuze gesi.