Tuwaulize Wazee Habari za Vita

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye darasa la kisomo cha watu wazima)

Ndugu wanaushirika, ndugu wanakisomo,

Leo hatusemi habari za mbolea wala bei ya kahawa. Tunasema juu ya kazi iliyoanzwa na darasa letu: kuwauliza wazee habari za Vita vya Kagera na kuziandika.

Yaliyomo vitabuni twayajua. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaiteka nchi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka wakalivunja. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yakaiteka Kampala. Hayo hayatapotea. Lakini je, nani ameandika jinsi watu wa ng'ambo walivyovuka mto na watoto wao? Nani ameandika hapa kwetu tulilala wangapi katika nyumba moja, na tulikula nini? Sisi wenye miaka hamsini na kitu tulikuwa watoto. Wanaojua ni wazee. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule, leo amekwisha pita 65.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907. Leo hakuna hata mmoja wa wazee wale aliye hai. Lakini maneno yao yapo, kwa sababu waliulizwa mapema.

Sasa tuseme ukweli: sisi tulianza vibaya. Tulimwendea mzee mmoja aliyekuwa mgambo, tukakaa watu wanne mbele yake na madaftari kama baraza la usuluhishi. Tukamwuliza, "Vita vilianza lini, na sababu zake ni nini?" Mzee akasema, "Hayo mbona wajukuu wanayo kwenye vitabu?" Akanyamaza.

Safari ya pili tulikwenda wawili, tukamsaidia kwanza kuanika kahawa. Ndipo tukamwuliza, "Mzee, siku ile ulipoitwa, ulikuwa unafanya nini?" Basi, alisema mpaka jua likazama. Mapigano aliyagusa kidogo tu. Aliyemsema sana ni mwenzake waliyeondoka pamoja hapa kijijini, ambaye hakurudi.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi:

Kwanza, tuulize mambo madogo: chakula, njia, usingizi, nani alibeba nini. Tarehe mzee aweza kusahau, lakini mama hasahau mtoto gani alikuwa mgongoni.

Pili, akina mama waulizwe wenyewe, si kupitia kwa waume zao.

Tatu, mzee akinyamaza, nasi tunyamaze. Akisema, "Hili msiandike," kalamu iwekwe chini.

Nne, tumsomee mzee tuliyoandika, arekebishe. Ni maneno yake, si yetu. Wazee wawili wakihitilafiana, tuandike ya wote wawili.

Ndugu, yuko bibi mmoja wa darasa letu aliyevuka mto ule akiwa msichana. Mwaka jana hakujua kuandika hata jina lake. Juzi alichukua kalamu, akaandika mwenyewe: "Niliacha ndizi jikoni." Akafunga daftari, akalia. Herufi mbili zilikuwa na makosa. Mwalimu hakuzisahihisha, nasi twaona alifanya vema.

Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya askari wetu wa vita vile. Tunapita, tunavua kofia, twaenda zetu. Kaburi halisemi mtu alipenda nini, wala nani alimngoja nyumbani. Hayo yamo vifuani mwa wazee wetu, na kila tunapochimba kaburi jingine hapa kijijini, yanafukiwa pamoja nao.

Daftari la kwanza limo kabatini katika ofisi ya ushirika, na kila mtu aweza kuja kusoma. Nyumba yenye mzee aliye tayari kusema, itoe habari kwa mwalimu wa kisomo siku ya kupima kahawa. Vijana mnaojua kuandika, anzeni na babu na bibi zenu jioni ya leo.

Tusingoje kusimulia habari zao siku ya matanga.