Anne Elliot Anapoigeukia Kamera

Filamu ya "Persuasion" ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Carrie Cracknell, iliwagawa watazamaji kwa sababu ya mtu mmoja: mwigizaji mkuu, Dakota Johnson.

Anne Elliot wake hulia ndani ya beseni la kuogea, hunywa mvinyo, kisha huigeukia kamera na kuwateta ndugu zake. Wapo waliomwona kama rafiki anayenong'ona siri. Wengine walimkumbuka Amanda Root, Anne wa filamu ya 1995, aliyemeza uchungu kimya kimya, macho tu yakisema.

Hao wa pili wana hoja nzito. Katika riwaya iliyozaa filamu hizi, Jane Austen alimchora mwanamke wa miaka 27 ambaye kwa miaka minane hana wa kumwambia kuwa bado anampenda Wentworth, mchumba wake wa zamani. Johnson ana mvuto, hilo halina ubishi. Ila barua ya mapenzi ya Wentworth inamfikia mtu aliyekwisha kuutua mzigo wake mbele ya kamera.