Paka wa Mgeni Atabaki na Nani?

(Mada iliyotolewa kwa wageni wanaojitolea na familia zinazowapokea, Kigera, Musoma)



Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo halimo katika mipango yetu ya visima wala ya vikundi vya kuweka na kukopa, lakini hujirudia karibu kila mgeni anapokuja kuishi nasi. Paka jike asiye na mwenyewe anaanza kuja mlangoni kwa mgeni, anapewa vichwa vya samaki, anazoea, na baada ya muda tumbo linaonekana. Mgeni anatuuliza: je, paka huyu anaweza kufungwa kizazi hapa hapa? Jibu letu ni ndiyo, inawezekana. Lakini nasi tuna swali letu: wewe ukiondoka, atabaki na nani?

Kwanza tuelewe tatizo lenyewe. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunaanika dagaa na tunaweka mahindi na mihogo ndani, kwa hiyo paka hakosi dagaa wala panya. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano tu. Mimba huchukua kama miezi miwili, huzaa watoto watatu hadi watano, na anaweza kubeba nyingine angali ananyonyesha. Kwa mwaka mmoja huzaa mara mbili, hata tatu. Nyumba inahitaji paka mmoja wa kukamata panya, si kumi na wawili.

Wanaozidi ndio wanaotiwa gunia na kutupwa, au wanaotegewa sumu. Sumu haichagui. Inaweza kumuua mbwa wa jirani na kuku wa mjane, na mtoto mdogo huokota chochote anachokikuta chini. Wageni wetu, tunawaomba msiwahukumu wenyeji kwa jambo hili. Wengi hawalipendi, ila hawajaonyeshwa njia nyingine. Nanyi wenyeji, msimcheke mgeni anayetafuta daktari wa paka, kwa maana anachokitafuta ndiyo njia hiyo nyingine.

Kumfunga kizazi paka jike ni upasuaji kamili. Hulazwa kwa dawa ya usingizi, tumbo hufunguliwa kidogo, mifuko ya mayai na kizazi hutolewa, kisha hushonwa. Dume huhasiwa, na kazi yake ni fupi zaidi. Anzeni kwa afisa mifugo wa kata, awaelekeze kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Madaktari wengi wa huku wamezoea ng'ombe na mbuzi, kwa hiyo ulizeni kwa adabu lakini waziwazi: ameshapasua paka? Anayo dawa ya usingizi inayomfaa paka, na dawa ya maumivu? Kama hana, ni heri kungoja au kusafiri hadi kwa mwenye nayo.

Baada ya upasuaji paka akae ndani, mahali pakavu na safi, kwa siku kumi hivi, na kidonda kitazamwe kila siku. Daktari akate ncha ndogo ya sikio moja angali usingizini. Hiyo ni alama inayojulikana katika nchi nyingi, ili paka asije akapasuliwa mara ya pili bure.

Hapa tunatoa maonyo mawili. Msimpe paka vidonge vya parasetamoli kwa ajili ya maumivu, kwa kuwa hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Wala msimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua viroboto, kwa sababu nyingi kati ya dawa hizo ni sumu kwa paka.

Siku hiyo hiyo paka achanjwe kichaa cha mbwa. Jina lisitudanganye: paka naye huupata ugonjwa huu na kumwambukiza mtu kwa kumng'ata. Duniani inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali kupata chanjo bila kungoja. Lakini anayeeneza ugonjwa huu zaidi ni mbwa, kwa hiyo kumchanja paka hakutoshi. Wataalamu husema angalau mbwa 70 kati ya 100 wachanjwe ndipo ugonjwa ukatike. Tangazo la chanjo likitoka, mgeni na mwenyeji wapeleke mbwa pamoja.

Mkoa wetu unapakana na Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo, na wataalamu waliwashuku mbwa wa vijijini kuwa chanzo. Paka wa nyumbani naye huzaa na paka pori na kuchanganya mbegu yao. Mnyama wa uani kwetu anagusa mbali.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kabla ya kwenda kwa daktari, mgeni akae na familia inayompokea, wakubaliane mbele ya mzee mmoja: nani atamlisha paka, atalala wapi, na nani atalipia chanjo zinazofuata. Mwenye nyumba akikataa, asilazimishwe. Atafutwe mwingine anayesumbuliwa na panya, naye atashukuru. Mgeni anayetaka kuondoka naye kwenda Ulaya aanze mapema. Nchi za Umoja wa Ulaya hudai paka atokaye kwetu awe na kitambulisho chini ya ngozi na chanjo, kisha damu ipimwe baada ya siku 30, na baada ya hapo kungojwe miezi mitatu. Wiki ya mwisho ya kufunga mizigo haitoshi.

Anayehitaji kupelekwa kwa daktari wiki hii aandike jina lake kabla ya kutoka, pamoja na jina la mtu atakayebaki na paka. Majina yote mawili yanahitajika.