Kitabu cha Programu: Tazama Toleo Kwanza

Msikilizaji, una kompyuta nyumbani na unataka kujifunza kuandika programu? Kabla hujalipia kitabu, tazama kimeandikwa kwa toleo gani la lugha.

Chukua Python, lugha inayopendwa na wanaoanza. Toleo la 3 lilitoka mwaka 2008. Toleo la 2 likaachwa mwaka 2020. Lakini vitabu vya toleo la 2 bado vimo kwenye meza za mitumba, na bei yake inavutia! Ukinakili mfano wa kwanza, ule wa kuonyesha neno moja tu kwenye skrini, kompyuta inakataa. Kisa ni mabano: toleo jipya linayadai, la zamani halikuyahitaji. Anayeanza hujiona mjinga, kumbe kitabu kimepitwa na wakati.

Narudia: tazama toleo. Fungua kurasa za mwanzo, utafute Python 3. Kisha pekua sura moja, uone kama ina mazoezi. Kisicho na mazoezi, mimi nisingekinunua.

Na kama mfuko hauruhusu, mwandishi Al Sweigart ameweka vitabu vyake kadhaa vya Python kwenye intaneti, visomwe bure. Ni vya Kiingereza, lakini chepesi.