KUTAMBUA SILI SAHIHI ZA OILI KWA INJINI KUUKUU

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Gari la chama ni mali ya kila mwanachama, hata yule ambaye hajapata kulipanda. Mazao yake husafirishwa kwa gari hilo, pembejeo zake huletwa nalo, na gharama za matengenezo hutoka katika makato ya mauzo yake. Kwa hiyo oili inapodondoka chini ya injini, zinazodondoka ni fedha za wanachama.

Mazungumzo haya yanahusu kifaa kidogo kiitwacho sili ya oili. Ni pete ya mpira, mara nyingi yenye kiini cha chuma, inayozuia oili isitoke pale ambapo shafti inayozunguka hupenya ukuta wa injini. Bei yake ni ndogo, lakini kazi ya kuifikia ni kubwa. Ili kubadili sili ya nyuma ya krenki, kwa kawaida fundi hana budi kuondoa giaboksi, klachi na flaiwili. Ikiwekwa sili isiyo sahihi, kazi hiyo yote hurudiwa, na chama hulipa mara mbili.

Chukueni mfano wa chama chenye Land Rover ya zamani. Msimu wa kahawa umeanza, oili inavuja nyuma ya injini, na klachi inateleza. Katibu anaandika hati ya ununuzi: "Sili ya Land Rover, moja." Mjumbe anakwenda mjini, na muuza vipuri anampa iliyopo dukani. Fundi anaijaribu, inaingia, gari linafungwa. Baada ya wiki mbili klachi inateleza tena. Kamati inamshuku fundi, fundi anamlaumu mjumbe, na mjumbe anamlaumu mwenye duka. Lakini kosa lilianzia kwenye ile hati, kwani maneno "sili ya Land Rover" hayatoshi kumwonyesha mtu kitu cha kununua.

Kwanza: Ihakikishwe kuwa sili ndiyo yenye kosa

Oili hutiririka. Inaweza kutoka kwenye kifuniko cha vali, ikashuka nyuma ya bloku, na kuonekana kana kwamba imetoka kwenye sili ya krenki. Injini ioshwe, iwashwe, kisha itazamwe kwa tochi oili inaanzia wapi. Oili ya giaboksi ni nzito zaidi na ina harufu kali ya salfa. Ikiwa ndiyo inayovuja, sili ya krenki haihusiki. Bomba la kupumulia la injini nalo likaguliwe. Likiziba, mgandamizo uliomo ndani husukuma oili nje hata kama sili ni mpya.

Katika Land Rover za zamani, chini ya nyumba ya flaiwili kuna tundu lenye kizibo chake. Kizibo hicho huwekwa wakati gari linavuka maji ya kina tu. Kikisahaulika mahali pake, oili kidogo iliyovuja hukusanyika ndani na kuilowesha klachi.

Pili: Ijulikane injini, si gari tu

Land Rover za Series III zilitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli ya lita 2.25, ambayo asili yake ni ya mwaka 1958, ilikuwa na krenki ya beringi kuu 3. Mwaka 1980 ikabadilishwa ikawa na beringi kuu 5. Kwa hiyo magari mawili ya jina moja na umbo moja yanaweza kuwa na injini zinazotofautiana ndani.

Katika injini ya beringi 3, sili ya nyuma ya krenki imekatwa mahali pamoja ili ipate kuvishwa kwenye krenki, na hushikwa na vipande viwili vya chuma. Injini za baadaye za ukoo huo zilitumia sili ya pete nzima. Pia ubavuni mwa kifuniko cha beringi kuu ya nyuma kuna vipande viwili vya kuzuia oili vyenye umbo la herufi T. Navyo huvuja, na aghalabu husahaulika wakati wa kununua.

Isitoshe, magari mengi ya umri huo yamekwisha kubadilishwa injini. Kadi ya gari huenda ikataja injini ambayo haimo tena. Namba iaminiwayo ni ile iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, na hiyo ndiyo ya kutafutia namba ya kipuri katika kitabu cha vipuri.

Tatu: Vipimo

Sili nyingi zimeandikwa tarakimu tatu, kwa mfano 35-52-7. Ya kwanza ni kipenyo cha shafti, ya pili ni kipenyo cha tundu inamokaa sili, na ya tatu ni unene, vyote kwa milimita. Maandishi yakiwa yamefutika, ipimwe shafti na lipimwe tundu. Usipimwe mdomo wa sili, maana mdomo hutengenezwa mdogo kidogo kuliko shafti ili uibane. Shafti ipimwe kando ya mfuo uliochimbwa na sili ya zamani, si ndani ya mfuo huo.

Injini kuukuu za Uingereza nyingi zilipimwa kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, basi shafti ya inchi 1¾ ni milimita 44.45. Sili ya milimita 45 itaivaa bila taabu, lakini haitaibana inavyopasa. Macho hayawezi kuitambua tofauti hiyo. Kipimo ndicho kitakachoitambua.

Nne: Mpira na mwelekeo

Herufi NBR humaanisha mpira wa kawaida wa kustahimili oili, unaofaa hadi joto la karibu nyuzi 100 za Sentigredi. FKM hustahimili karibu nyuzi 200. Rangi pekee si ushahidi, kwani kila mtengenezaji ana rangi zake. Sili yenye mshale ifuate upande inakozungukia shafti, na upande wenye springi uelekee kwenye oili. Sili iliyokaa rafuni miaka mingi hukauka. Ikiwa mdomo wake ni mgumu au una nyufa, irudishwe dukani.

Mfuo wa shafti ukiwa mkubwa, sili mpya haitadumu. Hapo fundi huivisha shafti bushi nyembamba ya chuma, au huipeleka kwa mkerezaji.

Tano: Kumbukumbu

Kila gari la chama liwe na ukurasa wake katika daftari la vipuri. Iandikwe namba ya injini kutoka kwenye bloku, namba ya kipuri ya kila sili, vipimo vitatu, aina ya mpira, tarehe ya kuwekwa na kilomita za wakati huo. Sili ya zamani isitupwe. Ifungwe pamoja na kibandiko chenye jina la mahali ilipotolewa, ipelekwe dukani kulinganishwa, na irudi stoo hadi ukaguzi upite. Hati ya ununuzi itaje namba hizo, na stakabadhi izitaje vivyo hivyo. Hapo kamati itaweza kujua kama kilichonunuliwa ndicho kilichoagizwa, bila kumshuku mtu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Makatibu nao wana msemo wao, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tone la oili chini ya gari la chama linahitaji yote mawili: ufa uzibwe kwa sili iliyo sahihi, na namba zake ziandikwe daftarini kabla msimu haujaanza.